Msanii wa nywele na kinyesi cha ng'ombe hajaiga mzungu yeyote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muiache ilivyo, maana ninayemjibu naye mlimpa ukurasa mzima. Mwandishi wenu wa safu ya utamaduni aliandika kwamba vijana wetu wanaotengeneza sanaa kwa makopo, matairi, nyaya na magunia ni wavivu, hawajui kuchora, wanaiga wazungu, na kwamba sanaa ya kweli ni picha ya rangi au kinyago, basi. Sasa mi sina digrii ya sanaa. Mi nina saluni, nasuka, naunga nywele, nauza mawigi, na ndo hiyo kazi iliyonifikisha kwa mama mmoja msanii wa Kihindi anaitwa Sheela Gowda, na tangu nimfahamu kila nikisikia mtu anaongea kama mwandishi wenu natamani nimkalishe kwenye sinki nimuoshe kichwa huku namsimulia habari za huyo mama mwanzo mpaka mwisho, maana pale hawezi kuinuka akaondoka.

Ilianza na maswali ya wateja. Mtu akinunua wigi orijino lazima aulize, dada hizi nywele za nani? Kuna wanaoogopa majini, kuna wanaoogopa ni za maiti, mambo ya mjini hayaishi. Nikaanza kusoma ili niwe na jibu la kueleweka. Nywele nyingi za Kihindi zinaanzia kwenye mahekalu ya kusini mwa India, na linalojulikana zaidi ni lile la Tirumala, jimbo la Andhra Pradesh, ambako kila siku maelfu ya waumini wananyolewa upara, wanawake, wanaume, watoto, maana nywele ndo sadaka yenyewe, mtu kaweka nadhiri kwamba mtoto akipona au mume akipata kazi atakwenda kutoa nywele zake, na akipata alichoomba anakwenda kweli. Hekalu linazikusanya, linazichambua kwa urefu, linazipiga mnada. Zile ndefu wananunua watu wa mawigi, zinasafiri dunia nzima mpaka zinafika Kariakoo na kuishia mezani kwangu, na msidanganywe na pakiti iliyoandikwa Brazili, nyingi ya hizo nywele Brazili hazijaiona hata kwenye ramani.

Haya, ndefu zimekwenda kwenye wigi. Zile fupi je? Hapo ndo nikakutana na Sheela Gowda.

Kule Bengaluru anakoishi, nywele fupi zisizofaa kwa wigi zinasokotwa kamba, na madereva wanaifunga ile kamba kwenye bampa kama kinga, ili jicho baya lisiipate gari na ajali ikae mbali. Yaani hirizi ya gari. Sisi huku tunaandika nyuma ya daladala maneno ya kumsuta hasidi, wao wanafunga nywele, hofu ni ileile. Huyu mama alikuwa anaziona hizo kamba barabarani kama wanavyoziona watu wote wa mji ule, ila yeye akazinunua. Mwaka 2009 alialikwa kwenye yale maonyesho makubwa ya Venice, Italia, akapeleka kazi inaitwa Behold, na ndani yake mna vitu viwili tu, kamba za nywele za binadamu zenye urefu wa karibu kilomita 4, na bampa 20 za gari, zile za kromu zinazong'aa. Basi, hakuna rangi, hakuna brashi. Bampa zinaning'inia zimeshikwa na kamba, na kamba zenyewe zimejazana, zimepigana mafundo, zimemwagika ukutani mpaka sakafuni nyeusi tii, na ukisogea ndo unagundua kwamba zile bampa nzito hazijashikwa na kitu kingine zaidi ya nywele.

Kilomita 4 jamani. Mi nilivyoona picha zake nilifanya hesabu ya kisaluni palepale, kichwa kimoja kilichonyolewa kinatoa kiasi gani, nywele fupi zikisokotwa zinatoa kamba ya urefu gani, nikaona hapa kuna umati wa watu humu ndani, kila mmoja na nadhiri yake. Mtu kanyoa kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyepona, nywele zake zikaishia kulinda lori la mtu asiyemjua, na nywele za kichwa hichohicho zile ndefu zikaja kumpendezesha bibi harusi wa Mbagala. Mwandishi wenu anasema hii si sanaa kwa kuwa hamna mchoro, mi namwambia hakuna mchoro wa mafuta uliowahi kunieleza kazi yangu mwenyewe namna hii. Siku hizi kazi hiyo ni ya Tate, lile jumba la sanaa la London.

Sasa tuje kwenye hoja yake kwamba wanaookota vitu ni watu wasiojua kuchora. Huyu mama kazaliwa Bhadravati, jimbo la Karnataka, mwaka 1957. Kazi ya baba yake iliwafanya waishi vijijini na mijini kwa zamu, na baba huyo alikuwa na tabia ya kurekodi nyimbo za asili na kukusanya vyombo na vitu vya watu wa vijijini, kwa hiyo mtoto kakua anaona kwamba kitu cha kawaida cha mkulima kinastahili kutunzwa na kutazamwa mara mbili. Kasomea uchoraji Ken School pale Bengaluru, kashule kadogo kalikoanzishwa na mwalimu aitwaye R.M. Hadapad, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Baroda, halafu Santiniketan, halafu Royal College of Art ya London alikomaliza shahada ya uzamili ya uchoraji mwaka 1986. Uchoraji, nasisitiza. Alichora kwa rangi za mafuta miaka mingi, alichora wasichana wenye mawazo wamekaa kwenye miti na majani, baadaye akachora maisha ya watu wa kati mjini kwa mtindo mkali zaidi ambao wajuzi wanasema una athari ya Nalini Malani, msanii mwanamke aliyemtangulia. Kwa hiyo brashi anaijua. Aliiweka chini mwenyewe.

Na hapo kwenye walimu naomba nikae kidogo, maana hapa ndo panapoua ile hoja ya kuiga wazungu. Mwalimu wake mkubwa alikuwa K.G. Subramanyan, mzee mmoja aliyefungwa jela na Waingereza ujanani kwa ajili ya harakati za uhuru, kisha akaenda kusoma Santiniketan, chuo kilichoasisiwa na Rabindranath Tagore. Mzee huyu alikuwa anachora, anafinyanga, anatengeneza midoli ya watoto, anajenga picha za udongo ukutani, na hakuona kwa nini fundi wa kijijini awe chini na msanii wa mjini awe juu. Na yeye hiyo akili aliirithi kwa walimu wake. Mmoja wao ni Ramkinkar Baij, ambaye mwaka 1938 alisimamisha pale Santiniketan sanamu kubwa ya familia ya Wasanthali, kabila la wenyeji wa kule, wakiwa safarini na mizigo yao na mbwa wao, na hakutumia shaba wala marumaru, alitumia saruji na kokoto nyekundu za palepale chini, akaipiga kwa mkono ikawa kama imeota kutoka ardhini. Mwingine ni Nandalal Bose, ambaye Gandhi alimwomba apambe mkutano wa chama cha Congress kijijini Haripura mwaka huohuo wa 1938, akachora mabango ya wapiga ngoma na mafundi na akina mama jikoni, kwa mtindo ambao mwanakijiji anauelewa bila kuuliza. Sasa niambieni, huyu mama aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na hao, akichukua kitu cha uani akakifanya sanaa, kamuiga mzungu gani?

Tena wakati anafika London ndo angeweza kupotea moja kwa moja, lakini akarudi Bengaluru na ndo anakofanyia kazi mpaka leo.

Kilichomgeuza kabisa ni Desemba 1992. Tarehe 6 mwezi ule umati wa Wahindu wenye msimamo mkali uliubomoa msikiti wa Babri kule Ayodhya, msikiti wa karne na karne, ukabomolewa kwa nyundo na mikono siku moja, na baada ya hapo damu ikamwagika nchi nzima, Bombay peke yake watu wapatao 900 walikufa kwenye ghasia za Desemba na Januari. Msanii ukiwa na akili zako timamu unarudije kuchora msichana chini ya mti? Huyu mama akaacha rangi ya mafuta na kuanza kutumia kinyesi cha ng'ombe.

Najua kuna wasomaji wameshacheka. Subirini. Ng'ombe kwa Wahindu ni mtakatifu, na kwa wanasiasa wao wale wa udini ng'ombe ni bendera, kwa jina lake watu wanagombana na wengine wanauawa. Lakini kinyesi cha ng'ombe huyohuyo, hicho hakina mwanasiasa anayekigusa, wanakigusa wanawake. Wanakikusanya asubuhi, wanakikanda kwa mikono, wanasiriba sakafu na kuta, wanakibandika ukutani kikauke kiwe kuni za kupikia, kinanunuliwa na kuuzwa, kinasafisha nyumba, kinatumika kwenye ibada. Yaani kitu kimoja ni uchafu, ni dawa, ni kuni, ni plasta, ni baraka. Na hakijawahi kumwaga damu ya mtu. Mwaka ambao watu wanaua kwa jina la utakatifu yeye kachukua utakatifu ulio chini kabisa, ule wenye harufu, ule wa mikono ya akina mama, akaanza kuupaka kwenye karatasi na baadaye akautengeneza maumbo. Ipo kazi yake ya mwaka 1996 inaitwa Mortar Line, tofali za kinyesi zimepangwa sakafuni safu mbili na katikati yake unapita mstari wa kumkumu, ule unga mwekundu wanaopaka wanawake wa Kihindu kwenye paji la uso. Mi nikitazama huo mstari mwekundu kati ya tofali na tofali nawaza hiyo nyumba imejengwa kwa nini na imegandishwa kwa damu ya nani, na sijahitaji mtu wa kunifafanulia.

Bibi zetu wamesiriba nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe, akina mama wa Kimasai wanajenga nacho mpaka kesho, kwa hiyo huku kwetu hata maelezo marefu hayahitajiki, mzungu ndo anahitaji kijikaratasi cha maelezo ukutani, sisi tunaijua mpaka ile baridi yake mkononi.

Halafu kuna kazi ya uzi, na hii mwandishi wenu aliyesema uvivu naomba aisome mara mbili. Inaitwa And Tell Him of My Pain, aliitengeneza kwanza mwaka 1998. Alichukua uzi mrefu mno akaupitisha kwenye tundu la sindano, akauvuta mpaka sindano ikafika katikati, akaukunja, halafu akachukua uzi mwingine na sindano nyingine, na mwingine, na mwingine, akakusanya zote pamoja akazipaka kumkumu iliyochanganywa na gundi mpaka zikawa kamba moja nyekundu nene, inayonata kwa macho kabla hujaigusa, na mwisho wake zinaning'inia zile sindano zote kama shada. Kamba inatundikwa ukumbini, inapanda ukuta, inashuka, inajikunja sakafuni, mwingine anaona utumbo, mwingine kitovu cha mtoto, mwingine damu. Mashine haikugusa. Ni kuvuta uzi tu, mita kwa mita kwa mita, kazi ileile ya mwanamke mshonaji ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni kazi. Aliyewahi kukaa kutwa nzima anasuka rasta nyembamba za mteja mmoja anajua ninachosema, mgongo unajua, vidole vinajua.

Hata udi kautumia. Karnataka ni nchi ya udi wa vijiti, huu tunaochoma majumbani, na wanaousokota wengi ni wanawake majumbani mwao kwa ujira mdogo. Mwaka 2007 kwenye maonyesho ya Documenta kule Kassel, Ujerumani, alitandaza ile nyenzo ya udi kwenye fremu za wavu, akaiwasha ikaungua polepole mpaka yakabaki majivu yenye umbo. Aliita Collateral. Mwaka wa vita vya Iraki na Afghanistan, majivu yamelala kama ramani ya mji uliopigwa kutoka angani. Hiyo naipita haraka.

Kazi ninayoipenda baada ya ile ya nywele ni Darkroom, ya 2006. Mmewahi kuona mapipa ya lami yanayoachwa pembeni barabara ikishajengwa? India vibarua wa barabara wanayakata, wanayanyoosha bati, wanajijengea vibanda vya kulala humohumo kazini, familia nzima, barabara ikisogea nao wanahama. Gowda kachukua mapipa hayohayo, mengine kayasimamisha mazima moja juu ya lingine kama nguzo za ikulu, mengine kayafungua kuwa kuta, akajenga kijumba. Kwa nje kina fahari kama ngome. Kuingia unainama. Ndani giza la lami, na kwenye dari kapiga vitundu vidogo vidogo mwanga unapenya kama nyota. Mtu wa heshima zake na suti yake kaja kwenye maonyesho, anainama kwa magoti kuingia kwenye nyumba ya kibarua. Sasa hapo nani kamfanyia nani mzaha?

Na ya Kochi nisiiache, maana Kochi ni bandari ya bahari yetu hii, upepo uleule wa majahazi. Desemba 2012 lilifunguliwa tamasha la kwanza la Kochi-Muziris, yeye na mumewe Christoph Storz, msanii wa Uswisi, wakapeleka mawe ya kusagia zaidi ya mia moja kutoka Bengaluru. Haya ni mawe makubwa ya kienyeji ya kusagia mchele na choroko nyeusi za kupikia dosa, zile chapati zao nyembamba, yalikuwa yamejengewa majumbani jikoni, kila nyumba na lake. Zikaja mashine za umeme, watu wakabomoa nyumba za zamani wakajenga ghorofa, jiwe halina pa kukaa. Lakini huwezi kulivunja wala kulitupa, lina heshima yake, limelisha familia vizazi na vizazi, kwa hiyo watu wakawa wanalitoa nje wanaliacha kando ya barabara, si la mtu tena na si takataka pia. Wao wawili wakayakusanya wakayasafirisha mpaka pwani, wakayapanga pale kwenye majengo ya kale ya wafanyabiashara wa viungo mpaka karibu na maji, wakaiita kazi Stopover, kama wasafiri wanaosubiri chombo. Nikisoma hiyo nakumbuka vinu na mbuzi za kukunia nazi zilivyojaa stoo za watu siku hizi, hakuna anayezitumia na hakuna anayethubutu kuzichoma moto.

Sasa turudi kwa vijana wetu, maana ndo waliotukanwa. Edward Saidi Tingatinga, ambaye picha zake leo mwandishi wenu anaziita sanaa halisi ya Mtanzania, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia nini? Mbao laini za dari na rangi za kupaka baiskeli. Kwa kipimo cha mwandishi wenu Tingatinga naye ni muokota vitu. Leo kwa kuwa watalii wananunua tumesahau kwamba ile rangi ilikuwa ya baiskeli. Kenya kuna Cyrus Kabiru anatengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma na mabaki ya vifaa vya umeme vya mitaa ya Nairobi, kuna Michael Armitage aliyezaliwa hukohuko Nairobi, yeye anachora kwa mafuta kabisa kama anavyotaka mwandishi wenu, ila hachorei turubai, anachorea lubugo, lile gome la mti la Waganda wanalozikia wafu wao, na gome lina matundu na makovu na yeye anayaacha yaonekane ndani ya picha. Hao nao wavivu?

Simaanishi kila anayegundisha kopo kwenye ubao ni Sheela Gowda. Hapana, na hapo nakubaliana na mwandishi wenu nusu. Nimeona mambo ya ovyo, matairi yamepakwa rangi tatu yanaitwa ukombozi, chupa za plastiki zimetundikwa zinaitwa mazingira, ukimuuliza kijana kwa nini chupa na kwa nini si kitu kingine anakwambia ilikuwepo. Kwa Gowda ukiuliza kwa nini nywele, utapata jibu refu kama hii barua. Nywele zina hekalu ndani yake, zina mnada, zina dereva, zina ajali. Kinyesi kina mama, kina siasa, kina msikiti uliobomolewa. Kitu chenyewe kilikuwa kinaongea kabla yeye hajakigusa, na kazi yake yeye imekuwa kukiweka mahali ambapo hatuwezi tena kupita bila kusikia. Kwa hiyo kama mwandishi anataka kuwakosoa vijana awakosoe kwa hilo, awaulize kila mmoja nyenzo yako ina historia gani na imepita kwenye mikono ya nani, badala ya kuwaambia warudi kwenye rangi za mafuta ambazo kopo moja bei yake inamshinda mtu mwenye mshahara.

Na yeye Gowda simwachi hivihivi. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya Maria Lassnig, euro 50,000 na maonyesho kwenye jumba la sanaa la Lenbachhaus kule Munich mwaka uliofuata, mwaka huohuo wa 2019 alikuwa na maonyesho makubwa Milan kwenye ule ukumbi wa Pirelli, anastahili, kafanya kazi polepole miaka mingi bila kelele. Ila mama aliyenyolewa kule Tirumala hakulipwa chochote, alitoa sadaka, na sadaka yake ikawa mali mnadani, ikawa kamba sokoni, ikawa sanaa Venice, kila hatua kuna anayepata isipokuwa yeye. Hilo haliniondoki. Na siwezi kulisema kwa sauti kubwa sana maana na mimi napata, wigi moja orijino linalipa kodi ya fremu. Sidhani kama yeye kalificha hilo, naona hata ndo sababu kazi yake hainipendezi kama pambo, inanikosesha raha kidogo, na msanii anayenikosesha raha namwamini zaidi ya anayenisifia.

Linalonikera kabisa ni wale wanaomwandikia huko Ulaya kama vile kinyesi na kumkumu ni harufu ya India tu, mambo ya ajabu ajabu ya mashariki. Ukisoma hivyo unakosa kila kitu, unakosa 1992, unakosa ujira wa wasokota udi, unakosa vibarua wa lami. Na naogopa sisi nasi tutakuja kuwasoma wasanii wetu hivyohivyo, tusubiri mpaka mzungu aseme ni nzuri ndo tuiandike, na tukiiandika tunaandika bei.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkipiga picha ya kazi ya kijana, chini ya picha msiandike tu jina lake na jina la waziri aliyekuja kufungua maonyesho. Andikeni kazi imetengenezwa kwa nini, vyote, kama ni gunia la korosho andikeni gunia la korosho na limetoka ghala gani, kama ni nyavu za wavuvi andikeni ni nyavu za wapi na kwa nini ziliachwa. Mpelekeni mwandishi akakae na msanii siku nzima wakati anafanya kazi, asiende siku ya keki na hotuba. Halafu ndo aamue kama ni mvivu. Na ile picha yenyewe msiichape ndogo kama ya pasipoti kwenye kona ya tangazo la viwanja, hatuoni kitu.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama Saluni, Dar es Salaam